Lori Lililosimama kwa Shangazi

Yadini, 4 Februari

Kwa Shangazi yangu, bosi wa masufuria yote ya barabara kuu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana hii ya kwanza najua imekukuta umegeukia jiko. Mimi mzima, tena nimenenepa, lile shati ulilonishonea vifungo vinalia. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, ila ukuta wenyewe wa maana, umepakwa rangi. Ninaishi na mlinzi wa usiku. Yeye akitoka mimi naingia, mimi nikitoka yeye anaingia, kitanda kimoja na hakipoi. Mjini ndivyo tunavyoishi sisi wenye akili.

Dada anaendeleaje na tumbo lake? Mwambie akizaa mtoto mwenye sura nzuri asihangaike kutafuta amefanana na nani, jibu ni mimi.

Sasa vuta kigoda ukae. Yule mtoto wa kaka yako aliyeshindwa na hesabu, uliyesema ataishia kusukuma mkokoteni, ameajiriwa na kampuni ya malori yanayojiendesha. Ndiyo, hayohayo yasiyo na dereva. Cheo changu ni Mkuu wa Macho. Lori moja lina macho mbele, nyuma, ubavuni, mpaka juu ya paa, na yakichafuka linagoma kama punda aliyeona nyoka. Anayelifanya lione ni nani? Usinitaje, nitaona haya.

Na zawadi yako hii hapa. Injinia mmoja aliniuliza, kwenye barabara ile malori husimama wapi? Nikamwambia, kwa Shangazi, uwanja mpana, ardhi ngumu, hata mvua ikinyesha tairi halizami. Akaandika! Kuanzia wiki ijayo kila lori letu likifika kwako litasimama kidogo lijikague matairi na breki. Kila lori, Shangazi. Nunua mchele.

Barua nitakuwa naziweka humohumo kwenye kabini, chini ya kiti cha utingo, maana simu tunaacha getini, na hata nikikupigia nakusikia kama mtu anakoroma ndani ya pipa. Namba za kufungulia mlango, na mahali pa kutafuta, nimezituma kwenye simu ya Mjomba. Mjomba atajua kuzibonyeza. Ukijibu weka palepale, yakirudi huku nitaitoa.

Mjomba hajambo? Mwambie utingo wake anamsalimia. Aniandikie hata mstari mmoja, nimwoneshe injinia mwandiko wa dereva wa kweli.

Ni mimi, wa kujivunia,
Mkuu wa Macho


Hotelini, 19 Februari

Mwanangu mwenye maneno mengi kuliko ndevu,

Marahaba zote mbili, ya akiba nimeiweka. Sisi wazima. Dada yako miguu imevimba, anakula udongo kwa siri akidhani sioni. Paa la jikoni limeanza kuvuja upande wa kuni. Mbuzi yule mwenye pembe moja tumemuuza, alikuwa anakula pazia.

Lori lako limekuja.

Nilikuwa nachambua maharage nikasikia breki. Muda mrefu sijasikia breki hapa uwanjani, nikasema leo nimeula. Nikapakua sahani mbili kama siku zote, moja ya dereva, moja ya utingo, nikaongeza mchuzi, nikatoka na sinia. Nikaenda upande wa dereva, hakuna mtu. Nikazunguka upande wa utingo, hakuna mtu. Nikapiga hodi. Mimi, mtu mzima mwenye mjukuu njiani, napiga hodi kwenye ubavu wa lori! Likakaa linapumua, likawasha taa, likaondoka bila kuaga.

Fundi pancha alikuwa amekaa mlangoni kwake anaona yote. Akaniambia, "Mama, limeuliza bei likaogopa." Nikacheka, nifanyeje. Chakula tukala sisi.

Sasa ni wiki na yanasimama kila siku, mengine asubuhi, mengine mchana. Mimi nayaita mabubu. Kichwa kinajua hakuna mtu ndani, ila mkono ukisikia breki unakwenda kwenye sahani wenyewe. Miaka yote hii mkono umefundishwa hivyo, nitaufundua leo?

Barua yako Mzee wangu, huyo Mjomba wako, ndiye aliyeitoa. Alibonyeza namba, mlango ukafunguka, akapanda akaitafuta chini ya kiti kama ulivyosema. Nimemsomea. Salamu zako amezisikia. Anakula vizuri, nimempunguzia chumvi. Yupo nyumbani sana siku hizi, tajiri wake aliuza lile lori mwezi uliopita. Sikutaka kukuandikia, lakini ungesikia kwa wengine.

Usikae bila kula asubuhi. Na huyo mlinzi, afue mashuka.

Shangazi yako


Yadini, 2 Machi

Kwa Shangazi, mwanamke wa kwanza duniani kulikaribisha lori chakula,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mlinzi ameamka. Nimemsomea pale ulipopiga hodi, akasema wewe ni mtu wa heshima, sehemu nyingine wangelirushia mawe.

Mimi mzima. Kichwa kiliuma siku mbili kwa dawa tunayooshea vioo, kimepona. Dada aache udongo, mtoto atazaliwa amekomaa kama tofali.

Shangazi, usikate tamaa mapema. Biashara ni akili. Leo yanasimama matupu, kesho mafundi watakuja kuyakagua, na fundi ana tumbo. Halafu wenye magari madogo wakiona malori yamejipanga kwako watasema, hapa pana kitu. Tangu lini lori likasimama mahali na mahali pakakosa kula? Weka kibao kikubwa, andika CHAKULA MOTO, herufi za rangi ya mafuta, kisomeke toka kule kilimani. Fundi pancha naye mwambie atulie, matairi ni matairi, hata ya bubu yanatoboka.

Kuhusu lori la Mjomba kuuzwa, nimesoma. Lile lori nililifahamu kuliko nyumba, nililala chini yake miaka mitatu, najua hadi lilipokuwa linavuja. Mwambie wazee kama yeye hawakai bila kazi, watamfuata nyumbani.

Ila mbona hajaniandikia? Kalamu imeisha wino? Hata angeweka alama ya dole gumba mimi ningetosheka. Au ananionea wivu kwa cheo?

Mimi yuleyule,
Mkuu wa Macho


Hotelini, 28 Machi

Mwanangu,

Umengoja jibu najua. Dada yako amejifungua, mtoto wa kike, mzima, analia kwa sauti ya honi. Hafanani na wewe, tumeshukuru.

Kibao sikuweka. Nyumba ya wageni ya ng'ambo imefungwa, vitanda wameuza kimoja kimoja, kila anayepita anaondoka na godoro kichwani. Fundi pancha ameondoka na pampu yake, hakuaga, alisema akiaga atalia. Mayatima haya ya magurudumu yakitoboka, wanakuja watu wao na gari lao, wanabadilisha tairi, na chakula wamebeba kwenye makopo. Ulisema fundi ana tumbo. Analo, amekuja nalo limeshiba.

Nimekaa nikafikiri. Unajua mwanangu, sisi hapa hatukuwa tunauza wali. Wali kila mtu anao kwake. Tulikuwa tunauza mahali pa kuchokea. Dereva alishuka hapa mgongo umemkatika, akataka kukaa, akataka mtu wa kumuuliza ametoka wapi, na akishakaa ndipo anakula, ananunua sabuni, anaziba tairi, analala. Uchovu wa watu ndio ulikuwa mtaji wetu wote, barabara nzima. Sasa umeleta mteja asiyechoka. Utamuuzia nini?

Sikulaumu. Ulitaka kunitendea wema, najua.

Lakini umeuliza juu ya Mzee na nimekuwa nakuzungusha. Yule injinia wako alipita hapa kukagua kituo. Kijana mpole, alikaa akanywa chai, wa kwanza kulipa siku hiyo. Akasikia kuwa sisi ni watu wako, akafurahi. Akasema mbele ya Mzee, "Mtoto wenu ametusaidia sana. Tulizunguka naye barabara nzima, kila mteremko, kila daraja, kila wanapovuka ng'ombe. Na kila mahali alituambia, hapa mjomba wangu hufanya hivi, pale mjomba wangu hufanya vile. Tukayafundisha malori vilevile."

Mzee alikuwa anakula. Akaweka kijiko. Akanawa mkono kabla hajamaliza. Toka siku ile jina lako halitaji. Barua zako bado anazitoa yeye, ila anazileta kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya, anaziweka juu ya meza, anatoka.

Hukuniambia kama uliwafundisha. Uliandika macho, macho.

Kitu kingine, siku hizi lori likisimama anapanda anakaa kwenye kiti cha dereva mpaka linapotaka kuondoka, ndipo anashuka. Hagusi kitu. Nimemuuliza unafanya nini humo, akasema, "Napumzika." Simsumbui.

Kula. Usimjibu kwa hasira, nakujua.

Shangazi yako


Yadini, 9 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Hongera ya mtoto. Mimi nipo.

Nimeandika barua tatu nimezichana. Hii nitaituma hivihivi.

Mwambie Mjomba sikumwibia kitu. Waliniuliza nikajibu. Wangemuuliza utingo mwingine naye angejibu, tena vibaya, na malori yangekuwa yanaingia mtoni sasa hivi. Mimi nilitaka wajue kuna mtu anayeijua ile barabara. Kila nilipomtaja wale wenye kofia walikuwa wanaandika, Shangazi! Mtu aliyesoma anaandika maneno ya Mjomba! Nilijiona mrefu kama nguzo ya umeme. Nilidhani akisikia atacheka, atasema, kumbe yule kichwa maji alikuwa anasikiliza. Maana yeye ndiye alikuwa ananipigia kelele, huoni, husikii, unalala tu humo ndani. Nilikuwa naona. Nilikuwa nasikia. Sasa nimeonyesha, kosa langu.

Haya, na lingine useme umelisikia kwangu. Hakuna Mkuu wa Macho. Nilijipa mwenyewe. Kazi yangu ni ndoo na tambara. Malori yakiingia naosha vioo vyao vidogo na hakuna anayenisubiri. Ile safari ya kuzunguka na injinia ilikuwa siku nne tu, ikaisha, nikarudishwa kwenye ndoo. Mikono imebabuka na dawa. Ndiyo hivyo, cheka.

Mwambie Mjomba anitukane. Atafute lile tusi lake la siku nilipofunga turubai vibaya mvua ikaingia kwenye sukari, lile refu. Aliandike aweke chini ya kiti. Nitalipokea. Akikaa kimya hivi mimi silali, na zamu yangu ya kitanda inapita bure.

Mimi


Chumbani, 20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama toka msibani. Basi lilichelewa, ila nimefika. Ile sufuria ya chakula ulichonifungia nimekula na mlinzi. Anakupa pole.

Msibani watu walikuwa wengi sikupata nafasi na wewe, na ulipopata nafasi na mimi nilikuwa najifanya nabeba viti. Kuna mambo nilikuambia juu juu tu. Acha niyaandike sasa, kinywa kimenishinda.

Siku ile lori liliingia alasiri, likajipanga kwenye mstari wake. Mimi nikaja na ndoo yangu. Naanzaga na macho ya mbele. Nikainua kichwa, nikaona mtu kwenye kiti cha dereva. Shati la kazi, limepigwa pasi.

Shangazi, nilifurahi. Nilitupa tambara nikawaita wenzangu wote, "Njooni! Njooni muone dereva mwenye leseni! Huyu ndiye yule niliyekuwa nawaambia!" Wakaja, na injinia akaja. Nikapanda ngazi nimeshika maneno yangu tayari mdomoni. Nikafungua mlango nikasema, "Mjomba, umelipa nauli?"

Niliisema mara mbili. Nilidhani ameninunia.

Alikuwa amefunga mkanda. Mikono juu ya mapaja. Daktari alisema moyo ulisimama njiani, tena mapema, nusu ya safari hakuwepo tena. Lori halikujua. Lilishuka milima yote, likapisha ng'ombe, likawasha taa ya kukata kona, likaingia getini kwa wakati. Kila kitu nilichowafundisha lilikifanya sawasawa. Ningekuwa mimi nimekaa kile kiti cha pili, ningejua akikohoa tu. Ningemwambia, Mjomba, paki pembeni. Angenitukana, angepaki.

Injinia aliniuliza taratibu kama gari lilipata hitilafu yoyote. Nikamwambia hapana. Ni kweli. Halikupata.

Kituo cha kwako wamekifuta. Mimi wameniambia nisirudi, namba za mlango hazikuwa zangu za kugawa. Nimewajibu sawa. Sikubishana, na wewe unajua mimi na kubisha. Hii barua nimempa kondakta wa basi.

Nina swali moja na usinizungushe. Alikuwa anakuja kufanya nini? Alikuja kunisamehe au alikuja kunipiga? Lolote mimi nalipokea, hata la kunipiga, nalitaka. Wewe ulikuwepo alipopanda. Alisema nini?

Mtoto wako


Nyumbani, 31 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, kondakta alishuka mwenyewe kunipa mkononi, akakataa hata maji. Mtoto ameanza kucheka. Masufuria makubwa nimeyauza kwa shule, yamepata watu wa kula. Nimebaki na moja dogo linalotutosha. Juzi malori yalipita yote bila kusimama, moja nyuma ya lingine. Nilikuwa jikoni. Mkono haukwenda popote.

Kabla ya swali lako, na mimi nina langu la kukiri. Mzee alikuwa anaumwa moyo tangu kabla lori lake halijauzwa. Daktari alimkataza kupanda ngazi, alimkataza mawazo. Alinikataza nisikuambie, alisema utaacha kazi urudi kujifanya muuguzi. Nikaandika nimempunguzia chumvi, nikadhani utaelewa. Basi, tulifichana wote.

Siku ile alioga mapema. Akaniomba pasi. Nikamuuliza unakwenda wapi na nguo ya kazi, akasema kwa mtoto. Hakutaja jina, lakini mtoto katika nyumba hii ni nani mwingine? Nilitaka kumzuia. Halafu nikamwona anavyofunga viatu, anafunga kama zamani akienda safari, anapiga kisigino chini mara mbili. Sikuwa nimeona hivyo muda mrefu. Nikamwacha. Hilo ni langu, usilichukue wewe.

Lori likasimama. Akapanda polepole, akashika pumzi kwenye kila ngazi, mimi nimeshika mgongo wake. Nikamkabidhi chupa ya maji. Mlango niliufunga mimi.

Najua unataka niandike kwamba alisema amekusamehe. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, mkono ungeweza kuandika hivyo na usingejua maisha yako yote. Lakini umesema nisikuzungushe.

Nilisimama chini nikamuuliza kupitia dirishani, "Ukifika utamwambia nini?"

Akafunga mkanda. Akatazama mbele, barabarani. Akasema, "Nitajua nikimwona."

Ndipo likaondoka. Ndiyo yote niliyo nayo, mwanangu. Mengine alikwenda nayo.

Njoo nyumbani.

Shangazi yako